Paa la Nyasi na Paa la Chuma Katika Nchi ya Buhaya

Mtu atakaye kuijua historia ya nyumba katika nchi ya Buhaya, hasa wilaya za Bukoba na Muleba zilizolala upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, hana budi kuanza na paa, kwa kuwa nyumba ya asili ya Wahaya, ambayo ni msonge, haikuwa na ukuta wa nje uliosimama peke yake: paa lilianzia kileleni, likateremka kwa mwinamo mkali wa duara, lisikome mpaka limegusa ardhi, na vyote vilivyokuwamo, watu na moto wao, mifugo, vyombo na akiba ya chakula, vilisitiriwa na vazi hilo moja la nyasi. Paa likioza, nyumba yote imeoza. Kwa hiyo kazi ya kuezua paa kuukuu na kuezeka jipya haikuhesabiwa miongoni mwa matengenezo madogo ya nyumbani. Ilikuwa na majira yake, taratibu zake na watu wake, na aliyeipuuza alihatarisha makazi ya jamaa yake nzima.

Sababu ya kwanza ya umbo hilo ni mvua. Pwani ya ziwa karibu na mji wa Bukoba hupata kiasi cha milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na kadiri mtu anavyolipa ziwa kisogo akielekea magharibi ndivyo mvua zinavyopungua. Tena mvua hizo aghalabu huja usiku wa manane na alfajiri, pamoja na radi na pepo zitokazo ziwani, zikaipiga nyumba ubavuni. Nyasi hazizuii maji kwa ugumu, maana unyasi mmoja hauna nguvu ya kuzuia hata tone. Huyazuia kwa kuyapitisha upesi, tone likitoka katika bua moja kwenda katika bua la chini yake, mpaka lifike chini kabla halijapata nafasi ya kupenya. Ndipo ilipopasa mwinamo uwe mkali na tabaka liwe nene. Paa lililolala hukaa na maji, na nyasi zilizokaa na maji huoza kuanzia ndani, mahali jicho la mwenye nyumba lisipofika.

Chini ya nyasi hizo palikuwa na nguzo nyingi zilizosimikwa ndani ya nyumba, na juu ya nguzo palizungushwa fito na matete, duara juu ya duara, zikikazwa kwa kamba za mgomba. Mlango ulikuwa mmoja, umetangulizwa na kipaa kidogo kilichotokeza mbele mfano wa ukumbi, na ndani palitengwa kwa viambaza vya matete sehemu ya kulala, sehemu ya kuzungumzia na sehemu ya wanyama kwa wale waliojaliwa kuwa nao. Moto uliwaka katikati bila bomba la kutolea moshi. Mgeni aliyeingia machozi yakamtoka alidhani kwamba huo ni upungufu wa maarifa, walakini moshi huo ulikuwa na kazi yake: ulipanda, ukajipenyeza katika nyasi, ukazikausha kila siku baada ya mvua, ukawafukuza wadudu, ukayapaka matete masizi meusi yang'aayo ambayo mchwa hawayapendi. Nyumba iliyohamwa, ikakosa moto, paa lake halikudumu.

Sakafuni zilitandazwa nyasi laini zenye harufu nzuri, nazo zilipochakaa ziliondolewa zikatandazwa nyingine. Hapa ndipo penye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari hii yote. Nchi ya Buhaya imegawanyika sehemu mbili: kibanja, ambalo ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na rweya, ambazo ni mbuga wazi za nyasi zilizo baina ya kijiji na kijiji. Udongo wa rweya ni maskini, umeoshwa na mvua za karne nyingi, na udongo wa kibanja kwa asili yake haukuwa tajiri kuupita huo. Ulitajirishwa kwa mikono ya watu, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi, kwa mabaki ya jikoni na kwa nyasi zilizobebwa kutoka rweya. Nyasi hizo zilikwenda shambani kwa njia zaidi ya moja. Nyingine zilitandazwa moja kwa moja chini ya migomba. Nyingine zilipitia kwanza sakafuni, chini ya miguu ya watu na kwato za ng'ombe. Na nyingine zilipitia juu, zikakaa paani miaka kadhaa, zikala moshi na kunywa mvua, hata siku ya kuezuliwa zikashuka zikiwa zimekwisha kuwa nusu mbolea. Paa la msonge lilikuwa kituo katika safari ya nyasi kutoka rweya kwenda kibanjani. Msonge ulimsitiri Mhaya, kisha ukamlishia migomba yake.

Basi paa lilibadilishwaje ipasavyo? Majira yaliyofaa ni kiangazi kirefu, ambacho Wahaya hukiita kyanda, kuanzia Juni hadi Septemba, nyasi zikiwa zimekomaa na kukauka shinani na kabla mvua za vuli hazijaanza. Zilikatwa, zikachambuliwa ili majani mateketeke na magugu yaondoke yabaki mabua, zikafungwa miganda, zikabebwa kichwani mpaka uani. Kisha paa kuukuu liliezuliwa. Nyasi za juu, kijivu na zenye kuvu, zilitoka kwa mkono. Za ndani zilikuwa nyeusi, kavu, zimeshikana kwa masizi, na zilipong'olewa zilitoa vumbi lililomfanya fundi aonekane kana kwamba ametoka katika tanuri la makaa. Nyasi zilipokwisha kutoka, palibaki mifupa mitupu, na hapo ndipo ustadi ulipopimwa. Fundi hakukimbilia kuezeka. Aliipitia mifupa ile duara kwa duara, akibonyeza matete kwa kidole gumba, akizitikisa nguzo chini zinapoingia ardhini, maana nguzo huozea pale udongo unapokutana na hewa, akikata kila kamba ya mgomba iliyokauka na kukatika na kufunga mpya mahali pake. Tete lililoliwa na mchwa lilitolewa. Nguzo iliyolegea iling'olewa, ikasimikwa nyingine. Baada ya hayo yote ndipo mganda wa kwanza ulipowekwa, nao uliwekwa chini kabisa, kwenye ukingo wa ardhi, na kila tabaka lililofuata likalilalia lililotangulia mpaka kileleni, ambako nyasi zilikusanywa pamoja na kufungwa kwa nguvu ili maji yasipate mwanya.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa makusudi. Watu wengi wa siku hizi hudhani kwamba ezeko la zamani lilikuwa kazi ya kutupia nyasi juu ya miti, ilhali sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kabla ya nyasi mpya kuguswa, katika kuyachunguza na kuyatengeneza yale yaliyofichika.

Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Majirani walikusanyika, wengine wakakata, wengine wakabeba, wengine wakapanda juu, na mwenye nyumba aliwaandalia ndizi na rubisi, yaani pombe ya ndizi, nao wote walijua kwamba zamu zao za kusaidiwa zingefika. Katika kikale, yaani makao ya Mukama au mfalme, wajibu ulikuwa mkubwa zaidi. Falme za Buhaya, Kiziba, Kihanja, Kyamutwara, Ihangiro na nyinginezo, zilikuwa na desturi ya kila ukoo kumfanyia Mukama huduma iliyojulikana kuwa ni yake, na raia walitolewa kwa zamu kujenga na kuezeka majumba yake, ambayo kwa kimo na upana yaliyapita yote. Si haki kuisifu desturi hiyo pasipo kusema kwamba ndani yake mlikuwa na kulazimishwa. Mtu aliacha paa lake linavuja akaenda kuezeka la bwana wake. Hata hivyo kazi ile ya kikale ndiyo iliyokuwa chuo cha mafundi, kwa kuwa kijana aliyefunga matete katika nyumba kubwa alirudi kwao akiwa na mkono uliozoea.

Ajabu ni kwamba nchi hii iliyojifunika nyasi ilikuwa nchi ya chuma. Huko Katuruka, karibu na Maruku, mahali panapohusishwa na kumbukumbu ya Mukama Rugomora Mahe, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 akakuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa takriban miaka 2000 na zaidi. Na mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wangali wakiikumbuka kazi hiyo walilijenga tena tanuri mbele yake, wakalijaza shimo lake majani na matete ya kinamasini yaliyochomwa yakawa makaa, kisha wakapulizia mivukuto mpaka chuma kikapatikana. Makaa ya majani yaliyokaa humo tanurini yalisaidia kuzaa chuma. Lakini chuma hicho kilikwenda kwenye jembe, mkuki na kisu cha kukatia nyasi. Hakuna aliyewaza kukilaza juu ya nyumba, na chuma kilichokuja kulifukuza paa la nyasi kilitoka mbali sana.

Bati lenye mawimbi lilibuniwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hati ya kulinda chuma na kutu kwa kukichovya katika zinki. Lilienea upesi katika makoloni kwa sababu ni jepesi, hupangwa moja juu ya jingine melini, na mtu asiye fundi huweza kulipigilia. Emin Pasha aliisimika ngome ya Wajerumani mjini Bukoba mwaka 1890, Mapadri Weupe wakafungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilipofika Kisumu, mizigo mizito ya ng'ambo ikapata njia ya kuvuka ziwa kwa meli mpaka gati la Bukoba. Mukama Kahigi wa Kihanja, aliyekuwa mshirika mkubwa wa Wajerumani, akawa na kasri la mawe huko Kanazi. Nyumba ya mfalme ilipoacha kuwa msonge, heshima nayo ikaanza kuhama.

Kodi nayo ilikuwa na mkono wake. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1897 iliweka kodi juu ya nyumba, na Waingereza waliokuja baadaye wakaendelea na kodi ya kibanda na ya kichwa. Paa lililokuwa sitara sasa likawa kitu cha kuhesabiwa na karani. Ili kupata fedha ya kodi watu walizidi kupanda mibuni, ambayo haikuwa mgeni Buhaya kwa kuwa buni iliyochemshwa na kukaushwa ilikuwa ikitafunwa na kukirimiwa wageni tangu zamani. Na kahawa iliyopandwa kwa ajili ya kodi ikaleta ziada. Kuanzia miaka ya 1920, na zaidi katika miaka ya 1950 bei ilipopanda na chama cha ushirika cha Bukoba, BNCU, kilichoundwa mwaka 1950, kikisimamia mauzo, ziada hiyo ilipanda juu ya nyumba. Makarani, walimu na wafanyabiashara wa kahawa, watu wa tabaka lilelile lililoanzisha Umoja wa Wahaya wa Bukoba mwaka 1924 kwa nia ya kuwaendeleza wananchi, walijenga nyumba za pembe nne zenye kuta na madirisha, na paa la bati likawa cheti cha maendeleo kisomekacho kutoka kilima cha pili.

Sitaki kumkosoa aliyechagua bati. Msonge ulikuwa na hatari ya moto, na moto ulioshika nyasi kavu haukumpa mtu muda wa kutoa zaidi ya watoto wake. Moshi uliohifadhi paa uliumiza macho na vifua vya akina mama waliopika ndani yake maisha yao yote. Bati lililotiwa mfereji huteka maji ya mvua na kumpunguzia mama safari ya kisimani, na katika nchi ya vilima hiyo si neema ndogo. Wakati serikali ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na miito ya kujenga nyumba bora ilipohubiriwa vijijini, watu wa Bukoba na Muleba hawakuhitaji kushawishiwa sana. Wengi walikuwa wamekwisha kushawishika kwa macho yao. Tena kiwanda cha ALAF kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1960 kilifanya bati liwe bidhaa ya nchini, ingawa bado lilikuwa na safari ndefu mpaka Kamachumu au Rubya wilayani Muleba.

Kinachonisikitisha ni kwamba ilipobadilika malighafi ya paa, ule utaratibu wa kuchunguza mifupa kwanza haukuhamia katika paa jipya. Leo mwenye nyumba anayetaka kuondoa mabati yaliyotoboka kwa kutu hununua mapya ya rangi, yale ambayo mafundi huyaita msauzi, na aghalabu huagiza yapigiliwe juu ya papi zilezile za zamani, ambazo zimekwisha kuliwa na mchwa au zimejaa matundu ya misumari iliyong'olewa. Ingempasa azipitie kenchi moja moja, aichome miti kwa ncha ya kisu pale inapokutana na ukuta, abadilishe iliyooza, aipake dawa iliyobaki, na ndipo alilaze bati. Bati lenyewe lina adabu zake. Msumari hupigiliwa juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni, kwa maana maji hupita bondeni, na kila tundu la bondeni ni mlango wa mvua. Bati lilalie jirani yake kwa wimbi moja na nusu, na la juu lilifunike la chini kwa sentimita 15 au zaidi panapokuwa na mwinamo mdogo. Na kwa kuwa dhoruba za Bukoba hutoka ziwani, fundi mwelekevu huanza kupanga kutoka upande wa magharibi akielekea ziwani, ili mdomo wa kila maungio uupe upepo kisogo. Geji pia iangaliwe: namba ikizidi, bati limepungua unene, na lile la geji 32 linaloonekana rahisi dukani hugongwa na upepo mmoja likapindika.

Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera, watu wakapoteza maisha na maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka, hasa Bukoba na Missenyi. Mabati yalikuwa miongoni mwa misaada iliyochangwa na kugawiwa. Nyumba zilizodhuru watu zaidi ni zile zenye kuta nzito za matofali na mawe zisizofungwa pamoja kwa mkanda wa zege. Na mtu alitazamaye jambo hilo kwa insafu huona kwamba msonge, usio na ukuta wa kuangukia mtu, ambao miti na matete yake yamefungwa kwa kamba zinazokubali kutikisika, ulikuwa na fadhila ambayo bati juu ya tofali limeikosa. Mkanda wa zege juu ya kuta, na kenchi zilizofungwa katika mkanda huo kwa chuma, hufanya kazi ile iliyokuwa ikifanywa na duara za matete. Aezuaye paa amepata fursa ya kuutia mkanda huo, na fursa hiyo haiji tena mpaka paa lichakae mara nyingine.

Zaidi ya nyumba za kukaliwa, kuna nyumba za kumbukumbu, na hapo nyasi haziwezi kubadilishwa na kitu kingine pasipo kuiharibu maana yenyewe. Jirani zetu wa Buganda wametufundisha gharama ya jambo hilo. Makaburi ya Kasubi, jumba kubwa la nyasi alilolijenga Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1882 kuwa kasri lake na ambamo alizikwa mwaka 1884, yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kisha yakaungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Kazi ya kuyarudisha ilichukua zaidi ya miaka kumi, nayo hayakuondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini hadi mwaka 2023. Ezeko la Kasubi ni wajibu wa ukoo wa Ngeye, na moto ule uliwadhihirishia wote kwamba wazee wenye ujuzi walikuwa wachache na vijana walihitaji kufundishwa upya kuchambua nyasi, kufunga miganda na kuipanga. Fedha zilipatikana mapema kuliko mikono.

Bukoba na Muleba hazina jumba la ukubwa huo, lakini zina misonge michache iliyojengwa kwa ajili ya wageni na makumbusho, na zina mahali patakatifu kama pale Katuruka, ambapo wanakijiji wenyewe katika karne hii walijitahidi kuuhuisha urithi wao. Kila mmoja wa misonge hiyo utahitaji kuezuliwa baada ya miaka michache, na swali la kwanza litakuwa ni la nyasi. Rweya zimepungua: sehemu kubwa imepandwa mikaratusi na misonobari, sehemu imelimwa, sehemu imejengwa, na nyasi zilizobaki huchomwa moto mara kwa mara kabla hazijafikia kimo cha kuezekea. Vijiji vyenye msonge wa kuhifadhi vingepaswa kutenga kipande cha rweya kisichochomwa wala kuchungwa, kikatwe kila kyanda, na siku ya kuezua aalikwe fundi mzee pamoja na vijana wawili au watatu watakaolipwa sawa na wabeba matofali, nao waanzie kazi yao chini, kwenye shina la nguzo, kabla hawajapewa ruhusa ya kuugusa mganda hata mmoja.